Dakta Koch na Damu ya Mamba

Muhula huu darasa letu lilisoma habari za moyo wa mamba, nami nikavutwa kuandika maisha ya Dakta Robert Koch, aliyepata kukaa katika mji wetu na baadaye akaichunguza damu ya mnyama huyo.

Koch alizaliwa Clausthal, Ujerumani, mwaka 1843, akasomea udaktari na kufanya kazi mashambani. Kwa hadubini yake alionyesha mwaka 1876 kijidudu kiletacho kimeta, na mwaka 1882 akatangaza kile cha kifua kikuu.

Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam, akachunguza malaria katika damu ya wagonjwa. Mwaka huo ndipo ilipofunguliwa Hospitali ya Ocean Road, kwa ajili ya Wazungu; Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za tajiri Sewa Haji. Kariakoo ilikuwa haijapata jina lake, maana jina hilo lilitokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Koch alirudi mwaka 1905, akahakikisha kwamba homa ya vipindi huletwa na papasi. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese, Uganda, ambako malale ilikwisha kuua watu wengi mno. Huko aliona kwamba mbung'o wa ufukweni hunyonya sana damu ya mamba.

Na damu hiyo hutoka katika moyo wa ajabu. Nunua samaki na kuku Kariakoo, uwapasue: moyo wa samaki una vyumba viwili, wa kuku vinne. Nyoka, kenge na kobe wana vitatu, na kile cha chini kimegawika nusu tu, hivyo damu safi na chafu huweza kuchanganyika. Kati ya watambaao, jamii ya mamba peke yao wana vinne kamili. Tena mshipa mkubwa wa pili hutoka chumba cha chini cha kulia, ukaunganishwa na ule wa kushoto kwa tundu dogo, lililoelezwa na Mwitalia Bartolomeo Panizza mwaka 1833. Kwa hiyo mamba azamapo, sehemu ya damu yaweza kuyapita mapafu na kurudi mwilini. Lakini mamba hajitoshelezi kwa joto. Hana budi kuota jua ufukweni, na hapo ndipo mbung'o humkuta.

Koch alishauri mamba wauawe na mayai yao yaharibiwe, ili mbung'o wafe njaa. Shauri hilo halikutosha, kwani mbung'o hunyonya pia kenge, wanyama wa porini na watu. Wagonjwa aliwachoma sindano za atoksili, dawa yenye aseniki. Wengi walipata nafuu ya muda. Lakini alipozidisha vipimo, wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka kabisa. Aliondoka mwaka 1907, akafa Ujerumani mwaka 1910.

Mimi namheshimu Koch kwa macho yake makali. Lakini wale wa Sese waliopoteza macho yao hawatajwi majina vitabuni, nao pia walilipia elimu tunayoisoma. Wenzangu mnaotamani udaktari, jifunzeni kuitazama damu kwa bidii, wala msimsahau mwenye damu.