Daktari Sidney Farber na Uangalizi Kamili wa Wagonjwa

Sidney Farber alizaliwa mwaka wa 1903 katika mji wa Buffalo, nchi ya Marekani. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, nao walijaliwa watoto 14. Yeye alikuwa wa tatu. Siku zile vyuo vya udaktari vya Marekani viliwapokea Wayahudi wachache tu, kwa hiyo kijana huyu alikwenda Ujerumani, akasoma Heidelberg na Freiburg. Alipofaulu huko alikubaliwa katika chuo cha Harvard, akamaliza mwaka wa 1927. Kisha akapata kazi katika hospitali ya watoto mjini Boston.

Kazi yake haikuwa kuwatibu walio hai. Alichunguza maiti za watoto, apate kujua ugonjwa uliowaua. Miongoni mwao walikuwamo waliokufa kwa saratani ya damu. Ugonjwa huu haukuwa na dawa. Mtoto aliyeshikwa nao alikufa baada ya majuma au miezi michache. Farber hakuridhika kuujua ugonjwa baada ya kifo tu. Alitaka kushindana nao mtoto angali hai.

Basi mwishoni mwa mwaka wa 1947 alianza kujaribu dawa iitwayo aminopterini. Dawa hii huzuia kazi ya asidi ya foliki, ambayo chembe za damu huihitaji ili zizaane. Madaktari wengine walimpinga, maana waliona ni heri watoto wafe kwa amani kuliko kuteswa kwa dawa isiyojulikana. Walakini mwaka wa 1948 alitangaza habari za watoto 16 waliopewa dawa za namna hiyo, na 10 kati yao walipata nafuu. Lakini furaha ya wazazi haikudumu, kwani baada ya muda ugonjwa ulirudi.

Farber hakuiacha kazi. Tena alifahamu kwamba dawa peke yake haimtoshi mgonjwa. Mwenye saratani hupita mikono mingi: leo kwa daktari wa kupasua, kesho kwa daktari wa miali, kesho kutwa kwa mwenye dawa. Kila mmoja akiitazama sehemu yake tu, mama humchukua mtoto mlango kwa mlango, akirudia habari zile zile, wala hakuna amwulizaye kama mtoto amekula, au ni nani awatunzaye ndugu zake waliobaki nyumbani.

Kwa hiyo Farber aliweka utaratibu aliouita uangalizi kamili. Daktari, muuguzi, mjuzi wa vyakula, mshauri wa mambo ya moyo, na mtumishi wa kuwasaidia jamaa katika shida zao, wote walikaa chini ya dari moja, wakashauriana juu ya mtoto mmoja, wakaamua pamoja. Jamaa nao walihesabiwa kuwa katika wale wanaohitaji kutunzwa.

Kazi hiyo ilitaka fedha. Mwezi wa Mei 1948 mtoto mgonjwa, aliyepewa jina la Jimmy ili asijulikane, alisikika katika redio akiongea na wachezaji wa mpira aliowapenda. Watu wakaguswa sana, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wametoa zaidi ya dola 200,000. Mwaka wa 1952 jengo jipya lilifunguliwa, lenye picha na vitu vya kuchezea, watoto wasiogope. Tangu mwaka wa 1969 watu wazima pia walipokewa.

Farber alifariki tarehe 30 Machi 1973 kwa ugonjwa wa moyo. Jina lake limo hata leo katika jina la hospitali ile aliyoianzisha. Na siku hizi, katika nchi zenye matibabu ya kutosha, watoto kama 9 katika kila 10 wenye saratani ya damu iwapatayo watoto kwa kawaida huishi miaka mitano na zaidi.

Nasi tuendao kuwatazama wagonjwa tufikiri habari hii. Mgonjwa ana maumivu ya mwili, tena ana uchovu wa kutojua aende wapi. Amwulizaye habari za chakula, nauli na watoto wake, kisha akapeleka neno hilo kwa muuguzi au kwa jamaa, ameshiriki katika kumtibu.