Olympio wa Togo: Mtawala Kaondoka, Utawala Ukabaki

Wanachuo wenzangu, jioni pale kwenye vimbweta mjadala wa ukombozi wa Afrika ukianza, majina ni yale yale: Nkrumah, Lumumba, Nyerere, Cabral. Ni nadra kumsikia mtu akimtaja Sylvanus Olympio wa Togo. Ajabu kidogo, maana nchi ya huyu mzee ilipita njia ile ile tuliyopita sisi: koloni la Mjerumani, likanyang'anywa vitani, likakabidhiwa mabwana wapya, halafu likawekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa mpaka uhuru. Tanganyika ilipita hapo. Rwanda na Burundi vilevile, na Kameruni. Lakini Olympio aliuawa na askari kabla nchi yake haijatimiza miaka 3 ya uhuru, na mwaka mmoja baadaye sisi wenyewe tukaponea chupuchupu. Kwa hiyo habari zake zinatuhusu.

Alizaliwa Septemba 1902, Togo ikiwa chini ya Mjerumani. Familia yao haikuwa ya kawaida. Babu yake, Francisco Olympio da Silva, alitokea Brazili karne ya 19 akaja kufanya biashara pwani ya Afrika Magharibi, na ukoo wake ukawa miongoni mwa koo tajiri za Lomé. Kwa hiyo Sylvanus hakukulia kwenye dhiki. Alikulia kwenye nyumba ya wafanyabiashara waliojua kwamba serikali huja na kuondoka, na kwamba anayetaka kuishi vizuri ajifunze lugha ya aliyeko.

Na wakaja wengi kweli. Alikuwa mtoto wa shule ya misheni ya Wajerumani Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Agosti 1914 Wajerumani wa Togo wakasalimu amri, vita vyenyewe havijamaliza hata mwezi. Waingereza wakakaa Lomé hadi 1920, kisha wakawaachia Wafaransa. Nchi ikakatwa vipande viwili: Mwingereza akachukua ukanda wa magharibi, kama theluthi moja hivi, akautawala pamoja na koloni lake la Gold Coast, Mfaransa akachukua sehemu kubwa iliyobaki pamoja na pwani. Shirikisho la Mataifa likabariki mgawanyo huo mwaka 1922. Wenyeji hawakuulizwa.

Walioumia zaidi ni Waewe, kabila la Olympio upande wa lugha na malezi. Tayari baadhi yao walikuwa ndani ya Gold Coast tangu zamani. Sasa wakawa mafungu matatu chini ya tawala tatu. Shamba liko upande huu, mjomba yuko upande ule, na katikati kuna afisa wa forodha anayetaka ushuru wa mahindi. Mtu wa Masai pale Namanga au Mmakonde wa Ruvuma hahitaji kuelezwa zaidi.

Kijana Olympio akaenda kusoma biashara na uchumi London, kwenye chuo cha LSE, akahitimu 1926. Akaajiriwa na kampuni kubwa iliyokuja kuitwa Unilever, akazunguka Nigeria na Gold Coast, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa meneja mkuu wa tawi lao la United Africa Company huko Togo. Kwa Mwafrika wa zama hizo, cheo hicho hakikuwa mchezo. Alizungumza Kiewe, Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa, Kireno na Kiyoruba. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Wafaransa wa upande wa Vichy hawakumwamini mtu mwenye mwajiri Mwingereza. Mwaka 1942 wakamkamata na kumweka kizuizini Djougou, Dahomey, ambayo leo ni Benin. Hapo ndipo meneja alipoanza kugeuka mwanasiasa.

Vita ya makaratasi

Baada ya vita, Togo zote mbili zikawa nchi za udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Wengi waliona ni jina jipya la kitu kile kile. Olympio akaona mlango. Kwa mujibu wa kanuni za udhamini, mwananchi aliweza kupeleka malalamiko New York, na mtawala akalazimika kukaa kitako na kujibu mbele ya mataifa mengine. Mwishoni mwa 1947 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini kuwatetea Waewe, akitaka wawekwe chini ya utawala mmoja. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kabisa kusimama pale. Miaka saba na ushee baadaye, Machi 1955, mwalimu mmoja kutoka Tanganyika akapita kwenye njia hiyo hiyo kwa niaba ya TANU.

Wafaransa hawakufurahi. Chama chake, CUT, kilikuwa kimeshinda uchaguzi wa 1946 na yeye akawa spika wa baraza la nchi. Basi wakaanza kumbana. Kampuni ikamhamishia Paris, akaacha kazi akarudi nyumbani. Mwaka 1954 wakamshtaki kwa kosa la fedha za kigeni, akatozwa faini na kunyang'anywa haki ya kupiga kura na kugombea. Nafasi ikabaki kwa mpinzani wake Nicolas Grunitzky, ambaye kumbe alikuwa shemeji yake, na ambaye Wafaransa walimwona mtu wa kuelewana naye. Tukumbuke jambo hili la mahakama na haki ya kugombea, tutalirudia.

Ndoto ya kuwaunganisha Waewe ikafa Mei 1956. Togo ya Waingereza ilipiga kura ya maoni: kujiunga na Gold Coast au kubaki peke yake. Kwa jumla, asilimia 58 wakataka kujiunga. Ukitazama ramani ya kura, wilaya za kusini, za Waewe, zilikataa, lakini kura zilihesabiwa kwa nchi nzima. Machi 1957 sehemu hiyo ikaingia Ghana huru, na iko huko mpaka leo.

Olympio akabaki na Togo ya Wafaransa. Ufaransa ikaandaa kura yake ya maoni mwishoni mwa 1956, ikitangaza kwamba Togo sasa ni jamhuri yenye madaraka ya ndani na udhamini umekwisha. Umoja wa Mataifa ukakataa kumeza hilo, ukataka uchaguzi unaosimamiwa. Msimamizi akawa Max Dorsinville, mtu wa Haiti, nchi ya watumwa waliomshinda Mfaransa huyo huyo. Tarehe 27 Aprili 1958 CUT ikashinda kwa kishindo, wakati kiongozi wake mwenyewe alikuwa bado amezuiwa kugombea. Wafaransa wakasalimu amri kistaarabu, Olympio akawa waziri mkuu. Miaka miwili kamili baadaye, 27 Aprili 1960, bendera yao ikashuka.

Yeye hakutegemea bunduki. Aliwashinda kwa maombi, kwa sheria, kwa uvumilivu, na kwa kutumia kila kifungu ambacho mkoloni alikiandika mwenyewe. Kwa hili tu alistahili kutajwa kwenye vimbweta.

Kiti kipya, funguo za zamani

Kama rais alikuwa mbahili wa fedha za umma, na hili ni la kumsifu. Alitaka bajeti ijitosheleze ili asiende Paris kila mwaka na bakuli. Alipanga nchi iwe na benki kuu na sarafu yake. Nkrumah alipopendekeza Togo iwe mkoa wa saba wa Ghana, alikataa katakata, na mpaka ukawa wa kufungwa na kufunguliwa. Katika haya yote alikuwa mtu wa msimamo.

Tatizo liko kwenye siasa za ndani. Uchaguzi wa rais wa Aprili 1961 ulipofika, orodha ya wagombea wa upinzani ilikataliwa kwa sababu za kisheria. Olympio akapata zaidi ya asilimia 90 ya kura, chama chake kikachukua viti vyote 51 vya bunge. Juvento, vijana waliotoka tumboni mwa CUT na kumpigania tangu zamani, walipomkosoa viongozi wao wakatiwa ndani. Grunitzky akaenda kuishi uhamishoni. Kufikia 1962 Togo ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa vitendo.

Hapo sasa. Mtu aliyezuiwa kugombea na sheria za mkoloni alizitumia zana zile zile kuwazuia wengine. Wapo watakaomtetea: nchi ilikuwa changa, Ghana ilikuwa inainyemelea, njama zilikuwepo kweli. Na karibu kila nchi ya Afrika ilielekea huko. Sisi tulifanya chama kimoja kuwa sheria mwaka 1965. Hoja hizo zina uzito. Lakini matokeo yake ni kwamba asiyemtaka Olympio hakubakiwa na njia yoyote halali ya kumwondoa. Yeye alipata New York pa kulalamikia. Raia wake, baada ya uhuru, hawakuwa na New York.

Wakati huo huo likaja deni jingine la ukoloni. Mamia ya vijana, wengi Wakabye wa kaskazini, walikuwa wameajiriwa na jeshi la Ufaransa na kupigana Indochina na Algeria. Vita ikaisha, wakarudishwa nyumbani bila kazi. Wakaomba waingizwe kwenye jeshi la Togo, lililokuwa na watu kama 250 tu. Olympio akakataa. Fedha hakuna, na tena watu hawa walikuwa wamepigana upande wa mkoloni dhidi ya Waafrika wenzao. Kwa mahesabu alikuwa sahihi, kwa maadili pia unaweza kumwelewa. Lakini aliwaacha barabarani watu wanaojua bunduki tu, kutoka kaskazini ambayo tangu Mjerumani ilikuwa imeachwa nyuma na pwani ya kina Olympio.

Usiku wa kuamkia 13 Januari 1963 wakaingia nyumbani kwake. Akaruka ukuta hadi ubalozi wa Marekani uliokuwa jirani, akajificha ndani ya gari. Kulipopambazuka wakamkuta, wakampiga risasi karibu na lango la ubalozi. Alikuwa na miaka 60. Akawa rais wa kwanza wa Afrika huru kuuawa katika mapinduzi ya kijeshi.

Baada yake

Askari wakamrudisha Grunitzky na kumkalisha kitini. Afrika ikatikisika. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa serikali zilizohoji kama utawala ulioletwa na wauaji unastahili kutambuliwa. Mei 1963 wakuu walipokutana Addis Ababa kuunda OAU, kiti cha Togo kilikuwa kitupu, na mkataba wao ukaweka wazi kulaani mauaji ya kisiasa. Lakini Januari 1964 askari wa Colito, ambayo sasa ni Lugalo, wakaasi kwa ajili ya mishahara na vyeo, na serikali yetu ikaokolewa na wanamaji wa Uingereza, yaani bwana wa jana. Kisha jeshi lile likavunjwa, likajengwa jipya kutoka chini. Togo haikupata nafasi hiyo. Mmoja wa askari wale wa 1963, Gnassingbé Eyadéma, aliyejigamba kwanza kuwa ndiye aliyefyatua risasi kisha akakana, alimwondoa Grunitzky mwaka 1967 na kutawala hadi alipofariki 2005. Mwanawe Faure akamrithi.

Olympio alizikwa Agoué, ng'ambo ya mpaka, Dahomey. Mtu aliyetumia maisha yake kupinga mipaka ya wakoloni, kaburi lake liko nje ya mpaka wa nchi aliyoikomboa.

Kumwua mtu hakuna utetezi, na wauaji wake hawakuiletea Togo demokrasia hata chembe. Lakini tukimsoma Olympio kama shujaa tu, au kama marehemu wa kuhurumiwa tu, tutakosa somo. Alijua vizuri kuliko wengi jinsi ya kumtoa mtawala bila damu. Kitu ambacho hakukijenga ni njia ya kumtoa yeye mwenyewe kwa namna hiyo hiyo. Katiba ya nchi, hata katiba ya serikali yetu ya wanafunzi, ipimwe hapo kwanza: siku wengi wakimchoka kiongozi, wanaingilia mlango gani? Kama mlango haupo, kuna siku watu wataruka ukuta.