Mgeni Wako Ana Siku Saba

Somo: Mithali 31:8-9

Huku kwetu Karatu na Ngorongoro kuhama si hadithi ya mbali. Wadatoga walichunga ndani ya kreta kabla ya kusukumwa hadi pande za Ziwa Eyasi. Mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti, wakaletwa Ngorongoro. Mwaka huohuo Wanyarwanda walianza kukimbia kwao, wengine wakavuka kuingia Tanganyika. Leo tumtafakari aliyewapokea.

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akabatizwa mwaka 1943. Alikuwa mwalimu, si mwanasheria. Lakini mwaka 1958 alionja kizimba: serikali ya kikoloni ilimshtaki kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili. Mawakili Pritt, Jhaveri na Rattansey walisimama naye. Alitiwa hatiani, akalipa faini ya shilingi 3,000 badala ya kifungo cha miezi 6. Hata hivyo, hakusimama peke yake.

Alipokuwa kiongozi, hakuishia kuwapa wakimbizi uji. Mwaka 1964 nchi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi. Warundi walipewa ardhi ya kulima Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 1980 Wanyarwanda wapatao 36,000 walikubaliwa uraia, na mwaka 1983 alitunukiwa Nishani ya Nansen. Hakuwa malaika, utawala wake pia uliwaweka watu kizuizini bila kesi. Ndiyo maana hata chini ya kiongozi mwema, mnyonge anahitaji mtetezi. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999.

Je, wewe na mimi? Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7 tangu aingie nchini, na anaweza kwenda hata kwa mtendaji wa kijiji. Mama mwenye mtoto mgongoni, asiyejua Kiswahili, atalijuaje hilo? Ukimpa ugali na mahali pa kulala tu, siku zinapita, na anaweza kushikwa kama mhamiaji haramu. Basi kesho yake asubuhi ongozana naye hadi ofisi ya kijiji. Mtafutie mkalimani. Mtafutie msaidizi wa kisheria.

Mtoto Yesu naye alibebwa usiku kwenda Misri. Ee Bwana, mgeni akipiga hodi kwetu, utupe moyo wa kumkaribisha na miguu ya kumsindikiza. Amina.