Bwana Raiffeisen na Deni la Ng'ombe

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alizaliwa mwaka 1818 huko Hamm, Ujerumani. Maradhi ya macho yalimtoa katika uaskari, akawa meya wa vijiji. Huko Flammersfeld aliwakuta wakulima wakichukua ng'ombe kwa mkopo kutoka kwa wachuuzi, kwa riba iliyowala hata wakanyang'anywa mnyama. Mwaka 1849 aliunda chama: wenye mali wapatao 60 walijitia dhamana, ng'ombe wakanunuliwa, na mkulima akapewa miaka 5 ya kulipa kidogo kidogo.

Hapo ndipo penye siri ya mkopo. Tuseme deni ni 100, riba 5 kwa mia kwa mwaka, na kila mwisho wa mwaka hulipwa 20 pamoja na riba. Riba ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, jumla yake ni 15. Ikihesabiwa juu ya 100 miaka yote, ni 25. Msomaji na apige hesabu mwenyewe.

Mwaka 1864, huko Heddesdorf, alianzisha chama ambacho wakopaji wenyewe walikuwa wanachama, wakidhaminiana wote. Uzeeni alikuwa karibu kipofu. Binti yake Amalie ndiye aliyemwandikia. Alifariki tarehe 11 Machi 1888.