Jacques Henri Lartigue, kijana aliyehifadhi mbio za magari katika albamu za familia

Picha yenyewe ni ya gari la mbio namba 6, likipita kwa kasi. Pua ya gari haimo, imekatika. Gurudumu la nyuma limekuwa kama yai na limelalia mbele, huku watazamaji kando ya barabara wakionekana kama wanaanguka kinyumenyume. Aliyeipiga aliona imeharibika. Leo ni miongoni mwa picha za mbio za magari zinazojulikana zaidi duniani.

Mpigaji ni Jacques Henri Lartigue, Mfaransa aliyezaliwa Juni 1894 huko Courbevoie, karibu na Paris. Baba yake alikuwa tajiri na mpenzi wa picha, na mwaka 1902 alimpa mwanawe kamera. Mtoto huyo hakuwa na afya nzuri, na hofu yake ilikuwa kwamba siku za furaha zinapita na kusahaulika. Basi akapiga picha za nyumbani: kaka yake Maurice, aliyeitwa Zissou, akiteremka kilima kwa vigari walivyojiundia wenyewe, binamu wakirukaruka, magari ya familia. Akazibandika katika albamu.

Zama hizo mbio zilipita katika barabara za kawaida, zile zile za mikokoteni na wanavijiji. Mei 1903 magari yalitoka karibu na Paris kwenda Madrid, mji mkuu wa Hispania. Madereva na watazamaji walikufa njiani, akiwemo Marcel Renault, mmoja wa ndugu waliounda magari ya jina hilo. Mbio zikasimamishwa Bordeaux, kabla hata ya kutoka Ufaransa. Baadaye barabara zilifungwa siku ya mashindano na magari yakazunguka eneo moja, lakini vumbi lilikuwa lile lile, na watu walisimama hatua chache tu kutoka kwenye magurudumu.

Hapo ndipo Lartigue, akiwa bado hajafikisha miaka 20, alipopiga picha yake katika mashindano makubwa ya Grand Prix ya Ufaransa. Kwa muda mrefu iliandikwa kuwa ya 1912, lakini watafiti baadaye wakasema ni ya 1913.

Kwa nini gurudumu limepinda? Kamera yake ilikuwa na pazia lenye mwanya mwembamba uliopita mbele ya kioo cha kunasia picha. Sehemu ya chini ya gurudumu ilinaswa kwanza, na mwanya ulipofikia sehemu ya juu, gari lilikuwa limeshasogea. Naye alikuwa akiizungusha kamera kulifuata gari, ndiyo maana watu waliosimama wima wakalalia upande wa pili. Simu nyingi za leo nazo hunasa picha mstari kwa mstari. Jaribu kupiga picha ukiwa ndani ya basi linalokimbia, uone nguzo za karibu zinavyoinama.

Mwaka 1914 vita vikaja. Georges Boillot, mshindi wa Grand Prix ya 1912 na ya 1913, aliuawa mwaka 1916 akiwa rubani wa kivita. Utajiri wa akina Lartigue nao ukapungua baada ya vita, na Jacques akajitafutia riziki kwa kuchora. Albamu zikabaki kuwa mambo ya nyumbani.

Mwaka 1962 alisafiri kwenda Marekani akiwa na baadhi ya picha zake. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 69, zikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York. Jarida la Life nalo likazichapisha, katika toleo lile lile la kuuawa kwa Rais Kennedy, na mamilioni ya watu wakaziona. Mzee aliyejihesabu mchoraji akawa maarufu kwa picha za utotoni. Mwaka 1974 ndiye aliyepiga picha rasmi ya Rais Valéry Giscard d'Estaing.

Mwaka 1979 aliikabidhi serikali ya Ufaransa albamu zake, zaidi ya 100. Alifariki Nice, Septemba 1986, akiwa na miaka 92.