Padre Bolzano na Wanafunzi Wake wa Prague

Wanachuo wenzangu wa hisabati wanalijua jina la Bolzano. Linakuja darasani likiwa limefungwa na jina la Weierstrass kwa kistari kidogo, watu wanalikariri kwa ajili ya mtihani, wanapita. Ukiwauliza alikuwa nani, wengi watakwambia ni mwanahisabati fulani wa Ulaya, basi. Kumbe alikuwa padre wa Kanisa Katoliki na profesa wa falsafa ya dini, na kazi yake ilikatishwa na Kaisari mwenyewe kwa sababu ya mambo aliyokuwa akiwaambia wanafunzi. Mimi ni mtu wa falsafa, sijui sana mahesabu, lakini naona kisa hiki kinatuhusu sisi wa vyuoni kuliko watu wengine wote.

Bernard Bolzano alizaliwa Prague tarehe 5 Oktoba 1781, wakati mji huo uko chini ya watawala wa Austria. Baba yake alitoka Italia na alikuwa mfanyabiashara wa vitu vya sanaa. Mama yake alikuwa wa Prague, wa jamii ya wasema Kijerumani. Walizaa watoto kumi na wawili, wakafikia utu uzima wawili tu. Bernard mwenyewe alikuwa mgonjwa wa mapafu tangu ujana, na ugonjwa huo haukumwacha maisha yake yote.

Aliingia chuo kikuu cha Prague mwaka 1796, kijana wa miaka 15, akasoma falsafa, hisabati na fizikia. Mwaka 1800 akaanza teolojia, jambo ambalo baba yake hakulitaka. Na yeye mwenyewe alikuwa na mashaka ya kweli juu ya imani. Kilichomtuliza ni wazo kwamba fundisho linaweza kushikwa ikiwa kulishika kunawafanya watu wawe wema zaidi. Hapa nasimama kidogo, maana hoja hii hainikai sawasawa. Kitu kuwa na faida hakikifanyi kiwe kweli, na mtu aliyekuja kuwa bingwa wa mantiki alilijua hilo kuliko mimi. Lakini ndipo ulipotoka msingi wake mkuu, ambao hakuuacha hadi kufa: katika yote unayoweza kufanya, chagua lile litakaloleta heri zaidi kwa watu wote kwa jumla. Hakusema kwa taifa lako, wala kwa dini yako. Alisema watu wote.

Mwaka 1805 mambo yalimjia kwa mkupuo. Ndani ya mwezi mmoja wa Aprili alipewa upadre, akapata udaktari wa falsafa, akateuliwa kufundisha somo jipya la dini pale pale chuoni. Na somo hilo lilianzishwa kwa nini? Hebu tuseme ukweli: kuwadhibiti vijana. Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa yamewatia hofu watawala, na Kaisari Franz I alitaka kila chuo kiwe na padre wa kuwafunda wanafunzi utii. Karibu kila mwanafunzi alipaswa kupita kozi ya falsafa kabla ya kwenda kwenye sheria, udaktari au teolojia, kwa hiyo mwenye kiti hicho aliwapata wote. Serikali ilijua inachofanya. Ilikosea mtu tu.

Pamoja na vipindi vya darasani, Bolzano alitakiwa kuwahutubia wanafunzi kila Jumapili na sikukuu. Walikuja kwa mamia, na hata watu wa mjini walijipenyeza. Aliwaambia kwamba vita ni upumbavu na uovu, na iko siku binadamu wataviona hivyo. Aliwaambia kwamba ukubwa wa kuzaliwa nao hauna maana. Aliwaambia Wacheki na Wajerumani wa Bohemia, ambao walikuwa wanatazamana kwa jicho baya, kwamba wao ni watu wa nchi moja na kila upande una haki yake. Baadhi ya hotuba hizo zilichapishwa mwaka 1813. Ukizitazama huoni mahali anaposema watu washike silaha. Kinyume chake, alihimiza kutii sheria na kuibadili jamii kwa elimu, polepole. Wapo wenzetu ambao mwanaharakati kwao ni lazima apige kelele. Hao watamwona Bolzano mpole mno. Lakini watawala hawakumwona mpole hata kidogo.

Kulikuwa pia na suala la kitabu. Padre wa Kaisari kule Vienna, Jakob Frint, alikuwa ameandika kitabu cha kiada cha somo lile lile na maprofesa waliagizwa wakifuate. Bolzano hakukifuata. Alifundisha kwa maandishi yake mwenyewe, ambayo wanafunzi waliyanakili kwa mkono na kupeana. Naam, madesa hayakuanza leo. Frint hakupendezwa, na alikuwa karibu na sikio la Kaisari.

Malalamiko yalianza mapema, ila kwa miaka mingi alilindwa na wakubwa wa Kanisa waliomfahamu pale Prague, na mwaka 1818 alikuwa mkuu wa kitivo cha falsafa. Kisha Machi 1819 mwanafunzi mmoja wa Ujerumani, Karl Sand, akamuua kwa kisu mwandishi August von Kotzebue, na tangu hapo kila mwanachuo akatazamwa kama mhaini mtarajiwa. Bolzano hakuwa na uhusiano wowote na mauaji hayo. Tarehe 24 Desemba 1819, mkesha wa Krismasi, Kaisari alitia saini amri ya kumwondoa. Miaka kumi na minne ya kufundisha ikaishia hapo. Akakatazwa kufundisha, kuhubiri na kuchapisha, akawekwa chini ya macho ya polisi.

Mwanafunzi wake Michael Fesl, aliyekuwa akifundisha kwenye seminari ya Leitmeritz, alikamatwa. Bolzano mwenyewe alifunguliwa mashitaka ya uzushi ndani ya Kanisa, yakakokota hadi 1825. Alitakiwa akane mafundisho yake hadharani, akakataa, kwa hoja kwamba hawezi kukiri kosa asiloliona. Hakuutupa upadre pia. Wengine wangesema kama mmenifukuza basi na joho lenu chukueni. Yeye alibaki, na nadhani kubaki kule kuliwasumbua zaidi.

Alikuwa na umri wa miaka 38, mgonjwa, na pensheni ndogo. Waliomwokoa ni familia moja, Josef na Anna Hoffmann, waliomkaribisha kwenye shamba lao huko Těchobuz, kusini mwa Bohemia. Kwanza alikwenda kwa majira, kisha akahamia kwa miaka kadhaa. Anna alikuwa amefiwa na watoto, na urafiki wao ukawa tegemeo la wote wawili. Huko shambani ndiko alikoandika kazi yake kubwa ya mantiki, majuzuu manne, iliyotoka mwaka 1837. Haikuweza kuchapishwa Austria, ikapigwa chapa Sulzbach, Bavaria. Yale maandishi ya darasani nayo yalikuwa yamechapishwa huko huko mwaka 1834, bila jina lake, kwa juhudi za wanafunzi wake.

Na hisabati? Mwaka 1817, akiwa bado kazini, alitoa kijitabu juu ya jambo ambalo kila mtu aliliona ni wazi: mstari usiokatika ukitoka chini ya sifuri kwenda juu yake, lazima uipite sifuri. Wengine walichora wakaridhika. Yeye alisema mchoro si uthibitisho, akathibitisha kwa namba tupu. Miaka ya 1830 hivi alitengeneza mstari usiokatika lakini uliojaa kona kiasi kwamba huwezi kuuchorea tanjenti popote. Weierstrass aliushangaza ulimwengu kwa mfano kama huo mwaka 1872. Wa Bolzano ulikuwa umelala kwenye makaratasi yake, ukaja kuonekana baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hebu fikiria amri moja ya Kaisari inavyoweza kuchelewesha mambo ambayo wala hayakuwa na siasa.

Anna Hoffmann alifariki mwaka 1842, na Bolzano akamalizia siku zake Prague kwa ndugu yake. Alikufa tarehe 18 Desemba 1848, akazikwa makaburi ya Olšany. Kitabu chake juu ya mafumbo ya ukomo kilitolewa mwaka 1851 na mwanafunzi wake František Příhonský. Kile alichoandika juu ya dola iliyo bora, ambacho alikimaliza mwanzoni mwa miaka ya 1830, kilisubiri hadi 1932. Tangu 1969 wanazuoni wamekuwa wakichapisha maandishi yake yote, juzuu baada ya juzuu, na yale mahubiri ya Jumapili yamo.