Heshima Isiyodai Damu

Katika miaka ya mwanzo ya majimbo ya Marekani yaliyo kando ya mto Mississippi, waungwana wengi walidhani kwamba mtu aliyetukanwa hana budi kuirudisha heshima yake kwa silaha. Hao hawakuwa wahuni, bali mawakili, mahakimu na wabunge. Mwaka 1817 Thomas Hart Benton, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Missouri, alimwua wakili kijana Charles Lucas katika kisiwa cha mto huo. Kanisa lilikwisha kulaani mapigano hayo ya watu wawili katika Mtaguso wa Trento, mwaka 1563. Lakini desturi ya dunia ina nguvu, hata Mkatoliki aweza kunaswa nayo.

Ndivyo alivyonaswa James Shields, mzaliwa wa Tyrone katika Ireland, aliyehamia Marekani akiwa kijana, akawa mwanasheria na mkaguzi wa hesabu za jimbo la Illinois. Mwaka 1842 benki ya jimbo ilianguka, naye akawaamuru watoza kodi wasipokee noti zake. Wakulima, ambao hawakuwa na fedha nyingine, walinung'unika. Wakili Abraham Lincoln akaandika gazetini barua ya kejeli kwa jina la mwanamke wa shamba, akiidhihaki amri ile pamoja na majivuno ya mwenye kuitoa. Shields, kwa hasira, akamtaka wapigane.

Lincoln, mwenye haki ya kuchagua silaha, alichagua panga kubwa za askari wa farasi, maana mikono yake ilikuwa mirefu. Kwa kuwa sheria ya Illinois ilikataza jambo hilo, siku ya 22 Septemba walivuka mto kutoka mji wa Alton. Huko rafiki zao wakawasihi sana. Lincoln akakubali kutamka kwamba aliandika kwa ajili ya siasa tu, wala hakukusudia kumvunjia Shields heshima ya utu wake. Shields akaridhika, wakarudi wote wazima.

Tufikiri ni mangapi yangalipotea siku ile. Lincoln alikuwa Rais mwaka 1861, na mwaka 1863 akatangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Shields alijeruhiwa vibaya kifuani katika vita vya Mexico mwaka 1847, akapona, akawa seneta wa Illinois, kisha wa Minnesota, kisha wa Missouri; hakuna mwingine aliyepata kuyawakilisha majimbo matatu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, Lincoln yule yule alimteua kuwa jemadari. Alifariki mwaka 1879, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki huko Carrollton, Missouri.

Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alilaani tena mapigano hayo. Panga zile zimekwisha kushika kutu, lakini dhihaka na kiburi vingali nasi, nyumbani na barazani. Aliyekosa na aseme neno la upatanisho, na aliyekosewa alipokee; hapo hakuna aliyeshindwa.